Hati Safi Ni Safi ya Nani? Istilahi za Wahasibu Mbele ya Mkutano wa Kijiji

Wahenga wametuachia methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wahasibu huipenda sana methali hii, na wana haki ya kujivunia. Lakini aghalabu huifasiri nusu yake tu. Huuliza: daftari liko wapi? Ni mara chache wanapouliza: na habari imemfikia nani? Maana daftari linaweza kuwapo, likajazwa kwa uangalifu, likakaguliwa na kupigwa mhuri, na mali bado ikapotea bila habari, ikiwa maneno yaliyotumika kulieleza hayakueleweka na mwenye mali.

Makala haya yanakusudia kuitazama kazi ya vyama vya wahasibu vya Afrika Mashariki kwa upande huo wa pili wa methali. Hatukusudii kupima hesabu zao. Hiyo si kazi yetu sisi watumishi wa istilahi. Tunakusudia kupima neno moja lililotoka katika kazi yao, likaingia bungeni, magazetini na vijijini. Neno hilo ni hati safi. Hoja yetu ni kwamba neno hili, ijapokuwa ni jepesi kutamkika na limekwisha kuenea, humwambia mwananchi jambo ambalo mkaguzi wa hesabu hakulisema. Na kwamba wajibu wa kulirekebisha ni wa wahasibu wakishirikiana na vyombo vya lugha, wala si wa mwananchi aliyelielewa kama lilivyo.

Kisa cha Madimba

Mwaka juzi nilifika Madimba, katika njia itokayo Mtwara mjini kwenda Msimbati, kwa kazi ya kukusanya majina ya mikoko na ya zana za uvuvi yanayotumika kandokando ya mlango wa Mto Ruvuma. Wenyeji wa huko hawawezi kuitwa wageni wa mambo ya mapato. Gesi asilia ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na mwaka 2015 ulifunguliwa hapo Madimba mtambo mkubwa wa kuisafisha, pamoja na bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Kabla ya hapo, mwaka 2013, mkoa wa Mtwara uliona maandamano na ghasia zilizoleta vifo, kwa sababu watu walitaka kujua gesi ikiondoka itawaachia nini. Kuna pia ushuru wa huduma unaolipwa kwa halmashauri za wilaya, ambao kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Na zaidi ya yote kuna korosho, ambazo tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani humo mwaka 2007 zimemzoesha mkulima maneno kama makato, unyaufu na mnada. Mtu wa Madimba akiuliza habari za hesabu, anaulizia karo ya mtoto na bati la nyumba.

Jioni moja mwenyeji wangu alinichukua kwenye mkutano wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho cha upande huo. Mwenyekiti alisimama, akasoma taarifa ndefu, akamalizia kwa sauti ya furaha: "Ndugu wanachama, mkaguzi ametupa hati safi." Wanachama walipiga makofi. Makofi yalipotulia, mama mmoja wa makamo aliomba nafasi, akasema: "Mwenyekiti, kwa hati tunashukuru. Sasa yale magunia 17 yaliyopungua ghalani msimu uliopita, yamepatikana?" Katibu alimjibu kwa upole kabisa: "Mama, hujasikia? Hati ni safi." Watu walicheka. Mama alijifunga kanga yake vizuri, akaketi, na mkutano ukaendelea na ajenda iliyofuata.

Kesho yake niliomba kuziona hesabu zile, nami nikaruhusiwa. Katika ukurasa wa maelezo magunia 17 yalikuwamo. Yaliandikwa wazi kwa jina la upungufu wa ghalani, na thamani yake ilikuwa imetolewa katika mapato kama hasara. Kwa hiyo mkaguzi hakukosea. Hesabu zilisema kweli kwamba magunia hayakuwapo. Katibu naye hakudanganya. Hati ilikuwa imetolewa kama alivyosema. Na mama hakuuliza upuuzi, maana swali lake lilikuwa juu ya korosho wala halikuwa juu ya karatasi. Watu watatu walisema kweli, na kweli hizo tatu hazikukutana, kwa sababu neno moja lilisimama katikati yao. Swali la mama halikujibiwa. Lilizibwa mdomo kwa kivumishi.

Mwenyeji wangu alinisimulia pia kisa cha upande wa pili. Karani kijana wa chama kingine alipoteza stakabadhi chache za malipo zilizolowa mvua. Mkaguzi alizitaja stakabadhi hizo, akasema kwamba isipokuwa kwa malipo hayo, hesabu zilikuwa sawa. Mkutanoni taarifa hiyo ilisomwa kuwa ni hati yenye shaka. Tangu siku hiyo kijana yule alipita njiani akinong'onezwa, kwani watu walisikia kwamba mwenye shaka ni yeye. Hatimaye aliiacha kazi. Neno moja lilimfunika aliyepaswa kuulizwa, na neno la pili likamtia hatiani ambaye hakushtakiwa.

Kazi iliyofanywa na vyama vya wahasibu

Kabla ya kulaumu yafaa tushukuru. Uhasibu wa kitaaluma katika nchi zetu ulianza ukiwa jambo la wageni. Chama cha Wahasibu wa Afrika Mashariki kilichoundwa mwaka 1949 kilikuwa chama cha wataalamu waliofuzu Uingereza, na lugha yake ilikuwa Kiingereza. Mwaka huohuo wa 1949 Mtwara ilikuwa ikijengewa bandari na reli kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga wa Nachingwea. Wakaguzi wa shirika la Kiingereza lililosimamia mradi huo walieleza, katika hesabu za mwaka ulioishia Machi 1949, kwamba vitabu vya hesabu za mradi havikutunzwa ipasavyo. Jambo hilo lilizua mabishano makali katika Bunge la London. Walipakodi wa Uingereza walielezwa kwa lugha yao kwamba daftari lina kasoro. Huku kusini, mradi ulipokufa watu waliachiwa mashamba yaliyotelekezwa na reli ambayo baadaye iling'olewa.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika sana. Tanzania ilitunga Sheria Na. 33 ya mwaka 1972, na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ikaanza kazi mwaka 1973. Kenya iliunda taasisi yake ya wahasibu mwaka 1978, na Uganda mwaka 1992. Mwaka 1990 vyama vya nchi za mashariki, kati na kusini ya Afrika viliungana katika shirikisho moja la kanda, na mwaka 2011 lilizaliwa huko Dakar shirikisho la wahasibu wa Afrika nzima. Mwaka huohuo wa 2011 vyama vya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki vilitia saini makubaliano ya kutambuana, ili mhasibu aliyefuzu Kampala aweze kukubaliwa Dar es Salaam, na wa Dar es Salaam akubaliwe Nairobi.

Hii si kazi ndogo. Tanzania ilianza kuvifuata viwango vya kimataifa vya kutayarisha hesabu tarehe 1 Julai 2004, na tangu hapo hesabu ya kampuni ya Mtwara yaweza kulinganishwa na ya kampuni ya mji wowote wa dunia unaofuata viwango hivyo. Bodi yetu hutoa tuzo kila mwaka kwa taasisi zilizotayarisha taarifa zao za hesabu kwa ubora. Vijana wengi wamefunzwa, wakatahiniwa, wakaandikishwa, na waliokiuka maadili wana mahali pa kuadhibiwa.

Lakini tukitazama kwa jicho la istilahi, twaona kwamba kazi yote hii imejengwa juu ya sakafu ya Kiingereza. Mitihani ya uhasibu hufanywa kwa Kiingereza. Makubaliano ya kutambuana yanampima mhasibu kwa elimu, mitihani na maadili. Hayamuulizi kama anaweza kuwaeleza wanachama wa chama cha msingi maana ya maoni ya mkaguzi. Mhasibu anaweza kuvuka mpaka na cheti chake bila ya kuvuka uzio unaomtenga na watu ambao fedha zao amezihesabu. Basi Kiswahili cha uhasibu kimeachwa kikue chenyewe kama mmea wa kando ya njia: kikakuzwa na waandishi wa habari, makarani na wanasiasa, kila mmoja akilimwagia maji tawi analolipenda.

Tulipime neno lenyewe

Ni vema msomaji asiye mhasibu akumbushwe kazi ya mkaguzi wa nje. Viongozi wa chama, kampuni au halmashauri hutayarisha taarifa ya hesabu. Mkaguzi huichunguza taarifa hiyo kwa kuchagua baadhi ya malipo, mapato na mali, akatafuta ushahidi wake. Hakagui kila shilingi. Kisha hutoa maoni juu ya taarifa. Maoni hayo, kwa viwango vya kimataifa vya ukaguzi, huwa ya namna nne.

Namna ya kwanza, mkaguzi asema kwamba taarifa inaonyesha hali halisi katika mambo yote yenye uzito. Namna ya pili, asema vivyo hivyo lakini anatoa jambo fulani lililo na kosa, au lililokosa ushahidi. Namna ya tatu, asema kwamba makosa ni mazito na yameenea hata taarifa nzima haionyeshi hali halisi. Namna ya nne, asema kwamba ushahidi umekosekana kwa kiasi kikubwa hata yeye hawezi kusema lolote juu ya taarifa.

Msomaji ataona kwamba katika namna zote nne kinachosemwa ni taarifa. Mkaguzi hasemi kwamba viongozi ni wema, wala kwamba fedha zilitumika kwa busara, wala kwamba hakuna kilichoibiwa. Chama kilichonunua trekta bovu kwa bei ya trekta jipya, kikaiandika bei hiyo kama ilivyolipwa na kisha kikaonyesha hasara iliyopatikana, chaweza kupewa maoni ya namna ya kwanza. Katika ukaguzi wa serikali, masuala ya ununuzi na ya kufuata sheria huelezwa kwa hoja za ukaguzi, ambazo zaweza kuwa nyingi hata pale ambapo maoni juu ya taarifa hayana kasoro.

Sasa tulitie neno letu katika mizani. Katika Kiswahili, hati ni karatasi yenye nguvu ya sheria: hati ya nyumba, hati ya shamba, hati ya ndoa. Mwenye hati amekwisha kushinda. Aliye na hati hasumbuliwi. Lakini mkaguzi hakutoa hati, alitoa maoni. Kwa neno la kwanza tu, maoni ya mtaalamu yamegeuzwa kuwa kinga. Na safi je? Katika pwani yetu safi ni sifa ya maji, ya nguo, ya moyo na ya mikono. Mtu akiwa na mikono safi, hakuiba. Neno la Kiingereza linalokusudiwa halina usafi wowote ndani yake. Maana yake ni kwamba maoni hayakuwekewa sharti wala pambizo. Sifa ni ya maoni. Sisi tuliihamisha kutoka katika maoni ya mkaguzi tukaiweka juu ya hati, na msikilizaji, kwa mantiki halali kabisa ya lugha yake, akaihamisha tena kutoka katika hati akaiweka juu ya viongozi. Hivyo usafi umesafiri safari mbili bila ya nauli.

Ndugu zake neno hili nao wana matatizo. Hati yenye shaka haisemi shaka ni ya nani wala iko juu ya nini. Kwa namna ya tatu, katika taarifa na magazeti nimekuta hati isiyoridhisha, hati mbaya na hati chafu. Na hiyo hati mbaya imepata kutumika pia kwa namna ya nne. Istilahi inayotaja vitu viwili tofauti imeacha kuwa istilahi. Kwa namna ya nne hutumika pia kushindwa kutoa maoni, maneno yanayomfanya mkaguzi aonekane dhaifu, ilhali aliyeshindwa ni yule aliyetakiwa kuleta ushahidi asiulete.

Haya si matatizo ya kila neno la uhasibu. Twaweza, mathalani, kulilaumu neno uchakavu, ambalo mhasibu hulitumia kwa ule mgawanyo wa gharama ya mali katika miaka ya matumizi yake. Mtu akiuona mtambo mpya unang'aa, kisha akasoma kwamba mwaka huu umechakaa kwa kiasi fulani cha fedha, atashangaa. Lakini mshangao huo huleta swali, na swali huleta maelezo. Hati safi haishangazi mtu, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Hueleweka haraka, hueleweka visivyo, na humaliza mazungumzo.

Wengine walifanyaje

Shida ya kuyahamisha maneno ya mkaguzi kutoka lugha moja hadi nyingine haikuanza kwetu. Sheria ya makampuni ya Uingereza ya miaka ya 1947 na 1948 iliweka sharti kwamba hesabu zionyeshe hali ya kampuni kwa ukweli na kwa haki, maneno mawili yaliyofungwa pamoja. Mwaka 1978 Jumuiya ya Ulaya iliyaingiza maneno hayo katika mwongozo wake wa hesabu za makampuni, na kila nchi ikalazimika kuyatamka kwa lugha yake. Wafaransa hawakutafsiri maneno mawili. Waliandika neno lao lenye maana ya taswira aminifu. Wajerumani waliandika picha inayolingana na hali ilivyo. Wadachi nao waliridhika na taswira ya kuaminika. Mabishano yalikuwa marefu, na wahasibu walishiriki pamoja na wanasheria, kwa sababu walijua kwamba neno moja likikosewa, hakimu wa kesho atalisoma kama lilivyoandikwa.

Hata leo taasisi ya kimataifa inayotunga viwango vya hesabu ina utaratibu maalumu wa tafsiri. Maneno ya msingi hutafsiriwa kwanza. Kisha tafsiri yote hupitiwa na kamati ya wahasibu ambao lugha hiyo ni yao ya kuzaliwa. Mtafsiri haachwi peke yake, wala mhasibu haachwi peke yake. Hili ndilo somo kubwa, nalo halidai fedha nyingi kama linavyodai unyenyekevu wa pande zote mbili.

Na sisi wenyewe tuna mifano ya kujivunia. Tazama neno masurufu. Zamani lilikuwa na maana ya akiba na matumizi ya safari. Ofisi za serikali zikalichukua kwa fedha anazopewa mtumishi kabla ya kwenda kazini, ambazo lazima azitolee hesabu akirudi. Neno limekubali kazi mpya bila ya kuitupa ya zamani: msafiri amepewa, na msafiri atarudi. Mtumishi wa ngazi yoyote akiambiwa kwamba hajarejesha masurufu, anaelewa anadaiwa nini. Tazama pia dhima, linalotumika kwa madeni na wajibu mwingine wa taasisi. Mwalimu wa fasihi analijua kwa maana yake nyingine, lakini yule mwenye dhima shingoni katika lugha ya kila siku ni mtu aliyebeba jambo ambalo hana budi kulitekeleza. Maneno haya yamefaulu kwa sababu maana ya kitaalamu ilipandwa juu ya maana iliyokwisha kuwapo, ikaelekea upande uleule. Hati safi imepandwa juu ya maana inayoelekea upande mwingine.

Mapendekezo

Kwanza, neno hati liondolewe katika jambo hili, na badala yake litumike neno maoni, ambalo ndilo linalotaja kitu kinachotolewa. Maoni yanaweza kuulizwa, hati haiulizwi.

Pili, kwa namna mbili za kwanza tunapendekeza neno walakini. Hili ni neno ambalo kila mtu wa pwani na wa bara analo mdomoni. Husemwa kwamba kitu kina walakini kikiwa ni kizuri isipokuwa kwa jambo fulani, na msikilizaji huuliza papo hapo: walakini gani? Hivyo ndivyo mkaguzi anavyoandika anapotoa jambo kando ya maoni yake. Basi tuwe na maoni yasiyo na walakini, na maoni yenye walakini. Yule karani wa stakabadhi zilizolowa angesomewa maoni yenye walakini, na mkutano ungelazimika kuuliza walakini huo ni upi, nao ungejibiwa kwamba ni malipo kadhaa yasiyo na stakabadhi.

Tatu, kwa namna ya tatu tunapendekeza maoni ya kukanusha, kwa kuwa mkaguzi anakanusha kwamba taarifa inaonyesha hali halisi. Kwa namna ya nne tunapendekeza kujizuia kutoa maoni, na kila mara itajwe sababu: kujizuia kwa kukosa ushahidi.

Nne, maoni yasisomwe peke yake mkutanoni. Baada yake isomwe sentensi moja ya kudumu, itakayotungwa kwa pamoja na vyama vya wahasibu na vyombo vya lugha, ikieleza kwamba maoni haya yanahusu ukweli wa taarifa, wala hayazuii mwanachama kuulizia hasara, matumizi au maamuzi yaliyomo ndani yake.

Tano, kamati ya istilahi za uhasibu iundwe kwa ngazi ya kanda. Vyama vya wahasibu vya Afrika Mashariki vimekwisha kukubali kutambuana kwa vyeti. Sasa vikubaliane kwa maneno. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, pamoja na mabaraza ya lugha, ndiyo washirika wao wa haki. Na katika zile tuzo za kila mwaka za hesabu zilizotayarishwa vizuri, iongezwe moja kwa ajili ya taasisi iliyowaeleza wenye mali hesabu zao vizuri zaidi kwa Kiswahili.

Pingamizi na majibu

Najua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba neno likishaenea halirudishwi, kama vile maji yaliyomwagika hayazoleki. Hoja hii ina nguvu, nasi watu wa istilahi tumewahi kushindwa mara nyingi tulipotaka kuyaondoa maneno yaliyokwisha kupendwa. Lakini tofauti ipo. Hati safi haikuenezwa na wananchi. Ilienezwa na maandishi rasmi na taarifa zinazosomwa mbele za watu. Neno lililoingia kwa mlango wa ofisi laweza kutoka kwa mlango huohuo. Wakaguzi wakiliacha katika maandishi yao, magazeti yatakosa mahali pa kulichota.

Itasemwa pia kwamba maoni yasiyo na walakini ni maneno marefu. Ni kweli. Lakini ufupi ni sifa ya istilahi baada ya usahihi, wala si kabla yake. Sheria iliyotungwa mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama za Tanzania, na mahakimu hawakukataa kwa sababu ya maneno marefu. Mhasibu ambaye kazi yake yote ni kuhakikisha kwamba tarakimu moja haiingii katika safu isiyo yake asione uzito kuliweka neno katika safu yake.

Itasemwa, tatu, kwamba lawama hizi zielekezwe kwetu. Zielekezwe. Sisi watumishi wa istilahi tumezoea kutayarisha orodha za maneno mezani, tukazipeleka zikachapwa, tukadhani kazi imekwisha. Orodha isiyopita mikononi mwa mhasibu ni nusu ya kazi. Na ile isiyopita masikioni mwa mkulima ni nusu ya nusu hiyo.

Hitimisho

Kabla ya kuondoka Madimba nilimjaribu mwenyeji wangu. Nilimwambia: "Chukulia kwamba jana mwenyekiti angesema hivi: mkaguzi ametoa maoni yasiyo na walakini juu ya taarifa yetu ya hesabu. Ungeelewaje?" Mzee alifikiri kidogo, kisha akanijibu: "Ningeelewa kwamba daftari limekubaliwa. Hapo ndipo tungeliuliza ghala."

Sijapata kusikia ufafanuzi mzuri zaidi wa kazi ya mkaguzi wa hesabu, wala wa kazi ya istilahi. Vyama vya wahasibu vimetupatia daftari linalokubaliwa ulimwenguni, na tunavishukuru. Yaliyobaki ni kumpa mwenye mali neno litakalomwachia nafasi ya kuliuliza ghala.